LESENI NI MALI YA DEREVA, SI KIPANDE CHA TAJIRI

Ndugu Wanachama,

Karatasi hii twawaandikia ninyi madereva wa malori, wa mabasi, wa matatu na wa teksi, pamoja na ninyi tanboi na makanga ambao mwatumaini kushika usukani kesho. Tuna neno moja la kusema, nalo ni hili: leseni ni mali ya dereva. Si mali ya tajiri.

Tajiri ana lori. Ana trela, ana yadi, ana lango lenye askari na karani wa kuandika. Dereva ana leseni yake. Akiipoteza amebaki na mikono mitupu, na mkono mtupu haulambwi. Basi kwa nini mali hii, ambayo dereva aliipata kwa fedha zake na jasho lake, hulala katika sefu ya tajiri?

Wengi wenu mwalijua jambo hili vizuri. Siku dereva anapoandikwa kazi, karani humwambia, "Leta leseni." Dereva hufikiri karani atanakili namba kisha airudishe. Wapi! Leseni huingia katika droo, na droo hufungwa. Siku ya safari hupewa leseni pamoja na ufunguo wa gari, na akirudi huvikabidhi vyote viwili. Gari likilala gereji wiki tatu, leseni nayo imelala wiki tatu, wala dereva hawezi kutafuta hata kibarua cha siku moja. Akisema anataka kuacha kazi, huambiwa, "Lipa kwanza dizeli iliyopungua." Akidai mshahara wa mwezi uliopita, huambiwa, "Nenda, lakini leseni iko hapa." Na mahali pengine dereva hupewa kivuli cha leseni kwenye karatasi aende nacho barabarani, na akisimamishwa na polisi ni shauri lake mwenyewe.

Twasema mambo haya ni ya aibu, na tena si mageni katika nchi hii.

WAZEE WETU WALIKIJUA KIPANDE

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na ilianza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alilazimishwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake. Karatasi ilitiwa katika kikopo cha chuma, na kikopo kikafungwa kamba, akakivaa shingoni. Humo tajiri aliandika siku ya kuanza kazi na siku ya kuacha. Asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu yule hakuweza kuandikwa kwingine kwa halali, na akiondoka alihesabiwa mtoro na kutafutwa na polisi. Kipande kilikuwa moja ya mambo aliyoyapinga Harry Thuku kabla hajakamatwa mwaka 1922. Wafanya kazi walikipinga miaka mingi mpaka kikaondoka shingoni mwao.

Nasi madereva hatukuwa nyuma katika mambo ya haki. Tarehe 1 Mei 1949 ilipoundwa East African Trade Union Congress hapa Nairobi, rais wake alikuwa Fred Kubai, na katibu wake Makhan Singh. Huyo Kubai alikuwa kiongozi wa chama cha wafanya kazi wa usafiri. Mwaka huo huo madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kuzipinga sheria ndogo za baraza la mji. Hawakuwa na mawakili wengi wala sheria nyingi za kuwalinda. Walikuwa na umoja.

Sasa twauliza. Ikiwa tajiri wa leo anashika kitu ambacho bila hicho huwezi kuandikwa kazi kwingine, na anakirudisha siku apendayo yeye, kitu hicho kina tofauti gani na kipande? Tofauti ni moja tu: kipande kilivaliwa shingoni, na hiki kimefungwa ndani ya droo. Babu yako angalau alikaa na chake mwilini.

SHERIA YASEMA NINI

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yamtaka mtu anayeendesha gari barabarani awe na leseni yake, na aitoe polisi anapoitaka. Haisemi tajiri wake awe nayo. Haisemi kivuli. Basi tajiri anayekutuma barabarani huku leseni iko kwake anakutuma ukavunje sheria, na faini hiyo utailipa wewe.

Matajiri hujibu kwamba wanashika leseni kwa sababu ya wizi wa dizeli na mizigo. Sisi hatumtetei mwizi. Mtu aliyeuza dizeli ya kampuni na ashtakiwe, kituo cha polisi kipo na korti ipo. Lakini kumhukumu mtu kabla hajaiba, na kumfunga kwa kuificha leseni yake, hiyo ni korti ya tajiri peke yake, ambamo yeye ni polisi, ni shahidi na ni hakimu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeeleza, katika kifungu cha 19, ni makato gani yanaweza kutolewa katika mshahara. Kwa mali iliyopotea au kuharibika, yataka iwe ni kosa la mfanya kazi la kusudi, na kiasi kiwe cha haki. Na kwa yote, makato hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Hapana mahali iliposema tajiri aweza kuweka leseni ya mtu rehani.

Wengine husema, "Tulimfundisha kazi sisi wenyewe, hawezi kutuacha hivi hivi." Twawauliza, mlimfundisha wapi? Tanboi alipakia na kupakua miaka minne, alilala chini ya trela, alibadilisha tairi usiku kwenye mvua. Ada ya shule ya udereva aliilipa mwenyewe kidogo kidogo. Leseni alilipa mwenyewe. Alipokwisha pata, ninyi ndio mliopata dereva wa bure.

JUU YA KUCHAGUA DARAJA

Kwa vile leseni ni mali yako, ichague kama mtu achaguavyo shamba, si kama mtu achaguavyo shati. Zamani tulikuwa tukisema "BCE" na mambo yakaisha, na hata leo matangazo mengi ya kazi bado huandika hivyo. Lakini madaraja yamebadilika, na dereva asiyeyajua ataumia.

Leo daraja B ni ya magari madogo. B1 ni ya gari lisilo na klachi, B2 ni ya gari la gia za mkono, na B3 ni ya wenye kuendesha magari madogo kwa kazi, kama teksi. Kijana mwenye haraka huchukua B1 kwa kuwa ni rahisi kufaulu, kisha huja kwetu kulia kwamba hapati kazi. Yadi imejaa malori yenye gia. B1 yako itamfaa nani?

Daraja C ni ya mizigo. C1 ni ya lori dogo, C ya lori la kadiri, CE ya lori kubwa lenye trela, na CD ya magari mazito ya mizigo. Daraja D ni ya watu: D1 ni gari la abiria hadi 14, D2 ni basi dogo la abiria hadi 32, na D3 ni basi kubwa. Mwenye kubeba abiria hutakiwa tena kuwa na beji ya PSV, na ili aipate lazima awe na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Kwa hiyo anayetaka kubeba watu ajitunze mapema.

Twawashauri mpande ngazi kwa zamu. Anza na gari dogo la gia, pata mazoezi ya kweli, kisha uende lori dogo, kisha kubwa. Umri na miaka ya uzoefu hutazamwa, na daraja la juu halipewi mtoto wa jana. Na usikubali kununua leseni kwa madalali. Wako watu ambao hawakuwahi kukaa nyuma ya usukani zaidi ya mara tatu. Walisukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao wa mji wa mfano, wakatoa kitu kidogo, wakatoka na leseni. Mtu huyo siku ya kwanza ya kuteremka na mzigo atajua kwamba mlima haupokei kitu kidogo. Tena yule dalali anayekufungulia akaunti ya eCitizen kwa namba yake ya simu amekwisha kuwa bwana wako. Siku ya kuongeza muda wa leseni utamtafuta hata umchoke. Fungua akaunti kwa namba yako, na neno la siri likae kwako.

Hapa matajiri nao wana deni. Mwajiri hutakiwa kulipa shilingi 50 za kila mwezi kwa kila mfanya kazi katika mfuko wa mafunzo wa NITA, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Shilingi hizo zinatolewa kwa ajili ya mafunzo ya wafanya kazi. Basi tajiri anayetaka dereva wa CE na ampeleke dereva wake wa C akasome, siyo kumwambia, "Panda tu, utazoea njiani." Kifungu cha 30 cha Sheria ya Trafiki kinamkataza dereva kuendesha gari la daraja asilo nalo, na kinamkataza mwenye gari kumruhusu. Wote wawili wana hatia. Lakini ninyi mwajua ni nani atakayekutwa barabarani.

NANI HASA ANAYEIHARIBU LESENI

Kila ikitokea ajali kubwa, twasikia maneno yale yale: madereva ni wahuni, madereva ni walevi, madereva hawana akili. Sisi hatukatai kwamba wako wabaya kati yetu. Dereva anayekunywa pombe kabla ya safari ni adui wa wenzake kuliko tajiri yeyote, na chama hakitasimama naye. Lakini twataka watu wafanye hesabu pamoja nasi.

Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinakataza mtu kuendesha gari la abiria au la biashara zaidi ya saa 8 kwa jumla katika saa 24. Lori kubwa haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Kutoka Mombasa mpaka Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Hata kama lori lingeweza kwenda mwendo wa 80 bila kupunguza, bila mlima, bila msongamano, bila kusimama katika mizani ya Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye, safari hiyo ingepita saa 11. Kwa hiyo hapana njia yoyote ya halali ya dereva mmoja kuimaliza katika siku moja. Na ninyi mwajua lori lenye mzigo haliendi hivyo.

Sasa tajiri anapokwambia, "Kontena hii iwe Malaba kesho asubuhi," anasema nini? Anasema: vunja sheria ya saa, au vunja sheria ya mwendo, au vunja zote mbili. Hasemi kwa maandishi. Husema kwa simu, na simu haiachi alama mezani pa hakimu. Dereva hutafuna miraa ili asilale, hukaza macho, hukanyaga mafuta. Akifika salama, tajiri husema ni kazi nzuri. Asipofika, tajiri husema hakumtuma kukimbia.

Katika matatu ni habari ile ile kwa jina jingine. Mwenye gari hutaka hesabu yake ya siku, iwe mvua au jua, iwe watu wapo au hawapo. Akishapata hesabu, na mafuta yakalipwa, na wa steji wakapewa chao, ndipo dereva na kondakta hugawana kinachobaki. Mtu anayelipwa kwa mabaki lazima akimbie. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 ziliwataka wenye magari wafuate sheria za kazi kwa madereva na makondakta wao. Miaka imepita mingi. Twawauliza ninyi mlioko kwenye steji: mkataba wako uko wapi?

Na gari bovu je? Kifungu cha 55 chataka gari liwe zima katika kila sehemu yake. Dereva husema asubuhi, "Breki zinavuta upande mmoja, na tairi hizi ni vipara." Hujibiwa, "Nenda hivyo hivyo, ukirudi tutatengeneza." Wengine hawakurudi.

Ndugu, jueni uzito wa jambo hili. Mtu akisababisha kifo kwa kuendesha vibaya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki chasema aweza kufungwa hadi miaka 10, na korti itafuta leseni yake na kumzuia kuendesha kwa miaka 3. Kampuni haifungwi. Lori lina bima. Kesho yake tangazo linabandikwa langoni kwamba dereva anatakiwa. Ndiyo maana twasema leseni si kadi ya plastiki. Ni chakula cha watoto wako, ni kodi ya nyumba, ni karo ya shule. Tajiri anaitumia kama anavyotumia tairi: huendesha mpaka iishe, kisha anafunga nyingine.

"MWINGINE YUKO LANGONI"

Twajua neno mnalotujibu. Mwasema, "Nikikataa, mwingine yuko langoni." Ni kweli. Yuko langoni, na ana njaa kama wewe. Tajiri haitaji fimbo nyingine isipokuwa yule mtu wa langoni.

Lakini huyo wa langoni ni nani? Ni dereva. Ni ndugu yako aliyefukuzwa juzi kwa sababu hiyo hiyo. Mmoja akikataa peke yake atafukuzwa, na hatumdanganyi mtu kwamba sheria itamkimbilia siku hiyo hiyo. Lakini yadi yenye madereva 40, wakikataa 40 kukabidhi leseni zao jioni moja, tajiri atawatoa wapi 40 wenye CE kabla ya meli inayofuata haijapakuliwa? Hapo ndipo nguvu yetu ilipo. Daraja la juu halipatikani kwa siku moja, na tajiri ajua hivyo kuliko sisi. Ndiyo sababu anaifungia leseni: hakuishika kwa kuwa haina thamani.

Wala sheria haiko kimya kabisa. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri za kazi, haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Sheria ya Ajira yakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya kuwa mwanachama, na kifungu chake cha 41 chataka anayeshtakiwa kwa mwenendo mbaya asikilizwe kwanza, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlinda anayejitoa mahali anapoamini kwa haki kwamba pana hatari kubwa. Sheria hizo ni kama jembe: zikiachwa ukutani hazilimi.

MAMBO TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo chama chadai mambo haya kwa kila tajiri wa gari:

1. Leseni na beji zote zilizo katika droo na sefu zirudishwe kwa wenyewe. Tajiri akitaka kumbukumbu, na anakili namba.

2. Kila dereva aliye kazini miezi mitatu au zaidi awe na mkataba wa maandishi, kama kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira kinavyosema, na mshahara wa mwezi usiotegemea mabaki ya hesabu.

3. Safari isiyoweza kumalizika kwa saa 8 iwe na madereva wawili, au iwe na mahali na posho ya kulala.

4. Gari lililoandikwa kuwa bovu lisitoke mpaka makanika atie sahihi.

5. Gharama ya kuongeza muda wa leseni, na ya kupanda daraja kwa ajili ya kazi ya tajiri, ailipe tajiri.

Na kwenu wanachama twataka mambo matano pia. Usimkabidhi mtu yeyote leseni yako. Mwache aitazame mkononi mwako. Angalia tarehe ya mwisho, usingoje ipite. Kila asubuhi kagua gari, na ubovu uandike katika daftari yako ukitaja tarehe na saa, hata kama hakuna anayesoma; siku moja hakimu atasoma. Ukipewa amri mbaya kwa simu, ijibu kwa ujumbe wa maandishi: "Umeniambia niende na breki hizi, naomba uthibitishe." Mtaona simu nyingi zitakavyonyamaza. Na mwisho, leseni ikishikwa, usiende kugombana peke yako langoni. Mwambie mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo, ukiwa na namba ya leseni, tarehe iliyochukuliwa na jina la aliyeichukua.

Wale mtakaopata karatasi hii mwisoma, msiitupe. Mpelekeeni mwenzenu wa yadi ya pili, na yule wa langoni mpeni ya kwanza. Yeye ndiye anayehitaji kuisoma kuliko wote, maana kesho karani atamwambia, "Leta leseni," na jibu lake ndilo litakalotujenga au kutubomoa.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Sisi wenu katika kazi,
KAMATI YA MADEREVA